Majibu ya Usaili kwa Kiingereza: Yakaririwe au Yasikaririwe?

Mazoezi ya maswali na majibu ya usaili kwa Kiingereza huanza, kwa wahitimu wengi wa Tanzania, siku jina linapoonekana kwenye orodha ya walioitwa. Faili la maswali hamsini na majibu yake huhama kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Mwenye haya hujifungia chumbani akajihoji mbele ya kioo, mwenye akiba hulipia kozi fupi, na waliosoma pamoja hukutana jioni, mmoja akajivika uenyekiti wa jopo na wengine wakasubiri zamu nje ya mlango. Wapo wanaoyaona hayo kuwa maandalizi ya kawaida ya mtu mwenye akili zake, na wapo wanaosema ni kasuku anayefundishwa kusalimia wageni.

Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: mwombaji kazi anufaike kwa kuyakariri maswali na majibu hayo, au ayaache? Sauti zinazosikika ni nne, na zimepewa majina ya shughuli zao. Mwalimu hufundisha Kiingereza cha kazini, naye anaunga mkono. Afisa ni mama wa idara ya rasilimali watu aliyezoea kuketi upande wa pili wa meza, anapinga. Profesa ni mwanaisimu, naye anapinga kwa sababu isiyofanana kabisa na ya Afisa. Mhitimu amesomea uhasibu, ameitwa kwenye usaili, na hana muda wa nadharia.

Usaili wenyewe una hatua zake. Katika utumishi wa umma wa Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Kwanza huja mchujo wa kuandika, kisha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, halafu mahojiano ya ana kwa ana. Tangazo la kuitwa huandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka: msailiwa aje na kitambulisho, aje na vyeti halisi kuanzia cheti cha kuzaliwa, hati za matokeo ya muda hazitapokelewa, na kila mmoja atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake katika mjadala huu. Anayetoka Sumbawanga kwenda Dodoma amekwisha lipa nauli na chumba cha kulala wageni kabla hajafungua mdomo, na hakuna atakayemrudishia. Mtu wa namna hiyo hawezi kulaumiwa akitafuta chochote cha kushika mkononi, hata kama ni faili la majibu ya mtu mwingine.

Kwenye benki, migodi, hoteli za kitalii na mashirika ya kimataifa hatua hutofautiana, lakini mahojiano ya mdomo hayakosekani, na mara nyingi huwa kwa Kiingereza.

*Mwalimu:* Tukubaliane kwanza kwamba maswali ya usaili si siri. Jopo litamtaka mtu ajieleze, aseme kwa nini anaitaka kazi hiyo, ataje uwezo wake na udhaifu wake, asimulie tatizo alilowahi kulitatua, aseme anajiona wapi baada ya miaka mitano, na ataje mshahara anaoutarajia. Hayo tu yanatosha kumaliza muda wote aliopewa. Mtihani ukijulikana, mwanafunzi asijiandae kwa nini?

*Afisa:* Hapo sikupingi, Mwalimu. Maswali yanafanana kwa sababu tunataka yafanane. Kila anayeingia aulizwe yaleyale, kwa utaratibu uleule, na kila mjumbe aandike alama zake kwenye fomu kabla hajamsikia mwenzake. La sivyo tutampa kazi mtu aliyetuchekesha.

Ushahidi wa kitafiti uko upande wa Afisa. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili wenye mpangilio ulipata uwiano wa 0.51 na utendaji wa baadaye kazini, na ule wa kupiga soga ukapata 0.38. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walikokotoa upya kwa njia ya tahadhari zaidi. Usaili wenye mpangilio ukashuka hadi 0.42, lakini ukawa juu ya njia zote nyingine walizozipima. Mpangilio unaoufanya usaili uwe wa haki ndio huohuo unaofanya maswali yake yatabirike, na majopo hayawezi kuvuna faida ya kwanza yakalalamikia ya pili.

Aliyejaribu njia nyingine alikuwa Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani. Waombaji wa kazi kwake walipewa dodoso la maswali zaidi ya mia moja ya maarifa ya jumla: jiografia, historia, kemia, bidhaa inayotoka nchi fulani. Mwaka 1921 maswali yalivuja, magazeti yakayachapisha, na nchi nzima ikawa inajipima. Kwa dodoso la Edison kukariri kungemfikisha mtu mbali, maana aliyeulizwa mji mkuu wa nchi fulani ana jibu moja tu, nalo ni lilelile kwa kila mtu. Jopo la leo huuliza jambo ambalo jibu lake limo ndani ya maisha ya aliyeulizwa, kwa hiyo jibu la kuazima halikai.

*Mhitimu:* Mama, naomba nijaribu. Nina jibu nililoliandaa la lile swali la kujieleza.

*Afisa:* Karibu, mwanangu. Jieleze, kwa Kiingereza.

Mhitimu anavuta pumzi na kulitoa lote bila kuteleza: "I am a hardworking, self-motivated team player who can work under pressure with minimum supervision." Ni sentensi inayofahamika na kila aliyewahi kupokea rundo la barua za maombi. Haina kosa la sarufi. Afisa anamuuliza, kwa Kiingereza kilekile, ni lini aliwahi kufanya kazi kwa shinikizo, na shinikizo hilo lilitokana na nini. Kijana anaangalia dari. Anaanza, anaacha, anaanza upya, na mwisho anarudia sentensi ya awali kwa sauti ya chini kidogo.

*Afisa:* Umeona? Swali la kwanza umelipita vizuri. Nami sikuwa nimekuja kwa ajili ya swali la kwanza.

*Mwalimu:* Lakini Mama, bila hiyo sentensi angekaa kimya tangu mwanzo. Kijana huyu amesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, miaka sita ya sekondari na mitatu ya chuo, na karibu yote ameipitisha akiandika. Mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kalamu na karatasi. Darasani mwalimu alizungumza, yeye akanakili. Bwenini walizungumza Kiswahili. Leo mnamweka mbele ya watu watano wenye tai, mnamtaka azungumze lugha ambayo mdomo wake haujaizoea. Mdomo nao unahitaji mazoezi.

Hoja hii ya Mwalimu ndiyo yenye nguvu kuliko zote za upande wake, na Afisa haijibu. Wahitimu wengi wana Kiingereza cha kusoma kinachotosha kuandika tasnifu, na Kiingereza cha kusema cha kuombea maji. Pengo hilo halionyeshi upungufu wa akili wala wa taaluma. Ni matokeo ya elimu iliyopima kalamu ikaacha ulimi. Swali linalobaki ni kama kukariri majibu ya faili kunaliziba.

Faili husomwa, tena husomwa mara nyingi, na kila likisomwa msomaji hujiona amelielewa zaidi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma. Wengine walifunikiwa maandishi wakatakiwa kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya siku mbili, na wengine baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwaacha wenzao. Anayesoma faili lake ndani ya basi asubuhi ya usaili yumo katika zile dakika tano. Aliyelifunga faili wiki nzima kabla, akajibu kwa sauti bila kutazama, akakosea, akajibu tena kwa maneno mengine, ndiye atakayebaki na kitu jopo likimgeukia.

*Mwalimu:* Basi tofauti yetu ni ndogo. Mimi sisemi asome tu. Nasema aseme.

*Afisa:* Aseme nini? Hapo ndipo penye tofauti, wala si ndogo.

Afisa anamrudia Mhitimu, safari hii kwa Kiswahili, na kumtaka asahau sifa. Aeleze alipofanyia mafunzo kwa vitendo na alichokifanya huko. Kijana anasimulia bila kigugumizi. Alikuwa kwenye saccos ya walimu. Mwisho wa mwezi salio la daftari la fedha halikulingana na taarifa ya benki, na mhasibu alikuwa likizo. Walipekua stakabadhi, wakakuta malipo kadhaa ya wanachama yaliyoingia benki moja kwa moja bila kuandikwa daftarini. Wakarekebisha, hesabu ikafungwa kwa tarehe.

*Afisa:* "Walipekua" ni akina nani?

*Mhitimu:* Kwa kweli nilipekua mimi. Mwenzangu alikuwa kaunta anahudumia wanachama.

*Afisa:* Mbona hukusema?

*Mhitimu:* Ningeonekana najisifu, Mama.

Hapa lugha si tatizo tena. Malezi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki humfundisha kijana kuitanguliza "sisi" mbele ya wakubwa, na anayesema "mimi" mara kwa mara huonekana amekosa adabu. Jopo la usaili, hasa la shirika la kimataifa, linatafuta kinyume chake: linataka kujua mkono wa nani uligusa nini. Hakuna faili linalomfundisha mtu kuvuka mpaka huo, maana majibu ya faili yamejaa "mimi" ya mtu asiyekuwepo. Mhitimu akijizoeza kusema "nilipekua", "niliandika", "nilimpigia simu meneja wa tawi", hajisifu, anatoa taarifa. Sifa ni pale anapojiita mchapakazi, na neno hilo ni la wengine kumpa.

Mashirika mengi, zikiwamo taasisi za Umoja wa Mataifa zenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam, huuliza kwa mtindo wa kutaka tukio: "Tupe mfano wa wakati ulipo..." Kwa maswali hayo umeenea tangu miaka ya 1970 utaratibu wa hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu lililomwangukia msailiwa, hatua alizochukua, na matokeo. Simulizi ya saccos inaingia humo bila kusukumwa. Udhaifu wa wengi ni kumaliza pumzi kwenye hali. Dakika mbili zinakwisha wakieleza saccos ilianzishwaje na ina wanachama wangapi, jopo likaondoka bila kujua waliopata tofauti ya hesabu waliipataje. Uzito wote uko kwenye hatua.

Mwalimu anashika simulizi hiyohiyo na kuihamishia kwenye Kiingereza pamoja na Mhitimu. Haandiki. Anamwachia aijaribu kwa maneno yake, kisha anarekebisha yale tu yanayokwaza. Kujitambulisha kwa "By names I am called" kunatoka moja kwa moja kwenye "kwa majina naitwa". Jina pekee linatosha. Meneja wa kike aliyegeuka "he" katikati ya sentensi ni ajali ya kila siku kwa wazawa wa lugha ambayo "yeye" ni mmoja kwa wote, na inatibiwa kwa kumtaja mtu kwa cheo chake kila shaka inapoingia. Mambo yaliyopita yasimuliwe kwa wakati uliopita, moja baada ya jingine, kwa sentensi fupi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, hivyo wengi huongezea irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza. Jopo la Watanzania halitaona ajabu, na jopo la wageni litaelewa iwapo msemaji hana haraka. Lafudhi haihitaji kuombewa radhi. Anayejitahidi kusema kama mtangazaji wa London huishia kutoeleweka na pande zote mbili.

Swali la udhaifu ndilo ambalo majibu yake yamechakaa kuliko yote. Faili hushauri mtu ajibu kwamba anapenda mno kazi yake ikamilike bila dosari, na wajumbe wameisikia hiyo hadi wanaweza kuimalizia. Afisa anadai kwamba jibu hilo humshushia msailiwa alama kwa sababu linaonyesha amekwepa. Mwalimu anajibu kwamba kijana mwenye familia nyuma yake hawezi kuanza kuungama makosa mbele ya watu wanaotafuta sababu ya kumwacha. Wote wana hoja, na njia ya kati ipo: udhaifu wa kweli, usiogusa moyo wa kazi inayoombwa, ukifuatiwa na jambo linalofanywa kuupunguza. Mhasibu asiseme husahau tarakimu. Anaweza kusema huona shida kuzungumza mbele ya kundi kubwa, na kwamba kwenye saccos alianza kujitolea kusoma taarifa ya mwezi katika kikao cha wafanyakazi. Lakini asiseme hivyo kama hakufanya, kwa sababu atakayeuliza kikao kilikuwa na watu wangapi yupo mezani.

Mshahara nao huandaliwa vibaya. Katika utumishi wa umma swali hilo halina nafasi kubwa. Ngazi ya mshahara hutajwa kwenye tangazo. Katika sekta binafsi wengi hukariri sentensi ya kwamba wako tayari kujadiliana, wakaachia hapo. Jopo likisisitiza watoe tarakimu, hutaja kiasi wanachotamani kukipokea mkononi, na mwajiri akakiandika kama kiasi kabla ya makato. Mhitimu akitaja shilingi 1,000,000, asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 100,000. Kodi inakatwa kwenye 900,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyotumika tangu Julai 2021 ni 103,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hurejeshwa kila mwezi, nayo ni 150,000. Anabaki na 647,000. Zoezi la maana kwa swali hili hufanywa kwa kalamu na kikokotoo kabla ya kufanywa kwa Kiingereza, na sentensi ya kukariri ni moja tu: inayosema kama kiasi kilichotajwa ni cha kabla au baada ya makato.

Profesa amesikiliza hadi hapa bila kusema.

*Profesa:* Mmekuwa mkibishana juu ya namna ya kupita mlangoni. Hamjauliza nani aliuweka mlango hapo. Huyu kijana amesimulia habari ya saccos kwa Kiswahili, na Mama akaridhika kwamba kazi anaijua. Sasa anatakiwa aisimulie tena kwa Kiingereza ili mjue nini? Akiajiriwa atawahudumia walimu wa shule za msingi, na hao atazungumza nao Kiswahili. Mnapima lugha mkidhani mnapima uhasibu.

Hoja ya Profesa ina historia. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania, na Kiingereza kikabaki kwa sekondari na vyuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Madarasa ya sekondari hayakubadilika. Mahakama, ambako Kiingereza kilionekana kimejichimbia zaidi, ziliguswa kwa sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Profesa anaona kichekesho katika hilo: hukumu inaweza kusomwa kwa Kiswahili, huku aliyeomba kazi ya kuhudumia wananchi akibabaika kwa Kiingereza ili aajiriwe.

*Afisa:* Profesa, si kazi zote za kuhudumia walimu. Hoteli ya Nungwi inapokea Waitaliano na Wajerumani, na lugha wanayokutania na mhudumu ni Kiingereza. Mgodi wa Geita una taarifa za usalama zinazosomwa na wahandisi kutoka nchi kadhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, mkataba wake wa mwaka 1999, ibara ya 137, uliandika Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kikapewa nafasi ya kukuzwa kama lugha ya mawasiliano. Mtu atakayefanya kazi huko nisipomsikia akizungumza, nitakuwa nimemdanganya yeye na mwajiri.

*Profesa:* Huko sikatai hata kidogo. Nakataa pale Kiingereza kinapotumika kwa mazoea. Msoma mita wa mamlaka ya maji, karani wa masjala, afisa maendeleo wa kata: lugha ya usaili wao ifuate lugha ya kazi yao. Na kama Kiingereza kinahitajika kwa sehemu tu ya kazi, basi kipimwe kama ujuzi peke yake, chenye alama zake, kisimezwe ndani ya kila jibu.

Pendekezo la pili la Profesa linastahili kuchukuliwa kwa uzito zaidi ya linavyochukuliwa. Fomu ya alama ikiwa na safu ya mawasiliano kwa Kiingereza kando ya safu ya ujuzi wa kazi, mjumbe analazimika kutenganisha mambo mawili ambayo sikio huyachanganya. Pasipo safu hiyo, msailiwa mwenye ung'eng'e unaotiririka hupata alama za ujuzi asionao, na mjuzi mwenye kigugumizi hukatwa mara mbili kwa kosa moja. Nchini Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, swali la lugha ya usaili halijafutika kwa andiko; mahojiano ya kazi za ofisini Nairobi yangali kwa Kiingereza kwa kawaida.

*Mhitimu:* Profesa, nakubaliana nawe kwa yote. Usaili wangu ni Jumatano.

Hakuna anayemcheka. Mageuzi ya lugha ya usaili ni kazi ya taasisi, na anayesailiwa Jumatano hawezi kuyasubiri. Lakini kuna jambo ambalo liko mikononi mwake na ambalo faili huliacha nje kabisa: namna ya kujikwamua katikati ya jibu. Afisa anakiri kwamba aliyeomba swali lirudiwe hajawahi kumkatia alama, na kwamba anayenyamaza sekunde chache kupanga mawazo huonekana makini kuliko anayekurupuka. Neno likikosekana, lielezwe kwa maneno mengine. Likizidi kukosekana, mwenyekiti aombwe ruhusa ya kulimalizia jibu kwa Kiswahili. Majopo mengi ya nyumbani huruhusu, na yanayokataa husema hivyo bila ugomvi. Ombi hilo, kwa Kiingereza chake kifupi na cha heshima, lina haki ya kukaririwa neno kwa neno. Vivyo hivyo salamu, jina, na sentensi ya kwanza ya kujieleza, ili mtu asianzie kwenye ukimya. Hapo Mwalimu anapata ushindi wake, na Afisa hanyanyui mkono kupinga.

Makundi ya mazoezi ya jioni yana nafasi nzuri hapa kuliko kioo, kwa sharti moja ambalo mengi hulisahau. Anayejifanya jopo asiwe na faili. Aulize swali moja linalojulikana, kisha aulize mengine mawili yanayotokana na jibu alilolisikia. Wakati gani? Nani mwingine alikuwepo? Ungefanya tofauti nini? Rafiki aliyebobea kwa maswali hayo ya pili ana faida kuliko kozi nyingi za kulipia, na mara nyingi ni yule ambaye usaili wake mwenyewe ulimwendea vibaya kwa sababu hiyo. Kurekodi kwa simu husaidia pia, ingawa wengi hawavumilii kuisikia sauti yao.

Mavazi, kufika mapema, kusubiri kukaribishwa kiti: hayo yanajulikana na hayana mjadala.

Linabaki swali ambalo jopo hulitupa mwishoni, msailiwa amekwisha anza kukusanya vyeti vyake: "Do you have any questions for us?" Mhitimu anasema jibu la faili lake ni kushukuru na kusema hana. Mwalimu naye hakuwahi kulifundisha. Afisa angependa kusikia swali moja tu linalohusu kazi: nitakayekuwa chini yake ni nani, au katika miezi mitatu ya kwanza mtanipima kwa jambo gani. Kisha asikilize jibu, maana kuna wanaouliza wakiwa wamekwisha ondoka moyoni. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira hakuna haja ya kuuliza matokeo yatatoka lini. Hutangazwa kwenye tovuti yake. Aliyefaulu nafasi zikawa zimejaa huhifadhiwa kwenye kanzidata na anaweza kupangiwa kituo nafasi inapopatikana, na hapo barua humfikia bila usaili wa pili.